Lonnie Crandall na Nyati wa Brandt Falls

Lonnie Crandall aliingia Brandt Falls, Dakota Kusini, kujaza petroli tu, kwa sababu miji kadhaa nyuma yake ilikuwa bado inamtafuta kwa utapeli wake. Lakini alipoona jumba la mnada wa ng'ombe limefungwa kwa baridi, na mji mzima umejazana mgahawani ukitazama theluji, aliegesha gari.

"Jamani," alisema, kahawa mkononi, "mmewahi kufikiria kuwa na timu yenu? Futiboli ya Kimarekani, ya ndani ya jumba! Majitu yamevaa kofia ngumu yanagongana kama malori, na nyie mmekaa kwenye joto na bia zenu!"

Hakuna aliyewahi kufikiria. Kufikia mchana hawakufikiria kitu kingine. Daktari wa meno alinunua hisa za timu. Muuza matrekta akanunua zaidi, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kwenye makalio ya suruali za wachezaji. Bi Marlys Opdahl, mjane mwenye lile jumba la mnada, naye akanunua.

"Ligi yenyewe ina timu ngapi, mwanangu?" aliuliza.

"Zinaongezeka kila siku, mama."

Zilikuwa nne, na moja ilikuwa imekufa Jumanne.

Mpango wa Lonnie ulikuwa mwepesi: mechi moja ichezwe, watu wapagawe, wanunue hisa zilizobaki, kisha yeye ayeyuke. Kazi ya ukocha alimpa Odell Prewitt, askari magereza mwenye shingo kama gogo. Odell akaokota wachinjaji wa kiwanda cha nyama, mwalimu wa hesabu na mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyekuwa na hasira zake. Zulia la kijani likatandikwa juu ya harufu ya ng'ombe, na Nyati wa Brandt Falls wakazaliwa.

Ajabu ni kwamba walishinda. Mji ukapiga kelele hadi theluji ikaporomoka paani. Lonnie alikuwa ananyatia mlango wa nyuma na begi lake la pesa za hisa alipomkuta Bi Marlys akibishana na bwana mmoja wa koti refu na miwani myeusi.

"Nimesema hatuuzi timu!" Bi Marlys alifoka. "Rudi na kampuni yako ya televisheni huko Chicago!"

Lonnie akaweka begi chini.

Kesho yake alizunguka mji mzima akinunua hisa zote, kwa bei maradufu, eti kwa sababu anaipenda timu. Pesa zilipomwishia alitoa gari. Bi Marlys alilia alipokuwa anatia saini, mpaka Lonnie akampa leso. Kisha akaenda hotelini kumtafuta bwana wa televisheni amuuzie timu.

"Yule? Shemeji yake Bi Marlys," mhudumu alimwambia. "Anauza chakula cha nguruwe. Amesharudi Iowa."

Lonnie alipogeuka, Odell alikuwa amesimama mlangoni na timu nzima.

"Bosi, mishahara."

"Kaka, mimi ni mtu wa kati tu..."

"Timu ni ya nani?"

Lonnie akaupima mlango kwa macho. "Yangu."

"Basi twende mazoezini. Kutoroka usijaribu, bosi. Kukamata watoro ndiyo kazi yangu ya mchana."

Nyati waliishi wiki chache tu. Wachinjaji walirudi kwenye zamu zao mmoja mmoja, na siku ya mechi ya mwisho timu ilipungukiwa mtu. Odell akamvisha Lonnie kofia. Mpira wa kwanza ulimwangukia mikononi, jitu la wapinzani likamnyanyua na kumrusha juu ya ukuta wa sponji uliozunguka uwanja, akatua mapajani mwa Bi Marlys aliyekaa mstari wa mbele.

"Umeumia, mwanangu?"

"Ulijua lini kuwa mimi ni tapeli?" alihema Lonnie.

"Siku ile ya kahawa. Marehemu mume wangu naye alikuwa na maneno matamu hivyo hivyo. Niliishi naye miaka mingi." Akamfuta jasho. "Haya inuka, mpira bado unao."

Kweli, alikuwa ameukumbatia. Jumba zima liliimba jina lake, na Lonnie, ambaye hakuwahi kushangiliwa kwa jambo alilolifanya kweli, akajikuta anatabasamu kama mtoto. Akaruka ukuta kurudi uwanjani, ambako jitu lile lilikuwa linamsubiri.