Maji Niliyomtilia Bi Kalamu

Jumatatu, 3 Machi
Profesa katangaza hapa maabara. Nafasi ya kudumu ni moja. Tunaigombea mimi na Bi Kalamu, anayechomeka kalamu sikioni kama seremala. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Mama mkwe nimeshamwambia nimepata. Basi lazima nipate.

Jumanne, 4 Machi
Ugomvi wetu ni huu. Seli ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ikivimba, vijilango kwenye utando wake hufunguka, kalsiamu huingia, na rangi tuliyoitia seli hung'aa chini ya hadubini. Vijilango vinajuaje kuwa seli imevimba? Mimi nasema utando ukivutika, vinahisi vyenyewe. Yeye anasema kuna kimeng'enya kinachomegua mafuta ya utando, na mafuta hayo ndiyo huvipelekea habari. Profesa kamwambia aendelee. Mimi kaniambia nifunge dirisha. Miaka sita hapa! Inaniuma.

Jumatano, 5 Machi
Nimewahi kazini kuliko wote. Chupa yake ya maji ya chumvi, yale ya kawaida yasiyovimbisha seli, nimeimwaga kidogo na kuijazia maji matupu. Chumvi ikipungua, seli hunywa maji na kuvimba. Zitang'aa pale zisipotakiwa, naye ataumbuka mbele ya Profesa. Nimetoka napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Zimeng'aa. Hakuumbuka! Mwanamke huyu hupima kila chupa kabla ya kuandika neno. Nani hufanya hivyo? Kakuta chumvi imepungua kiduchu, kiasi ambacho hapa kwetu hakuna aliyewahi kukijaribu. Kadhani kakosea mwenyewe, kaomba radhi, kisha karudia mara nane. Halafu kakizuia kile kimeng'enya. Seli zikavimba vilevile, lakini giza tupu. Kumbe hata uvimbe mdogo unahisiwa, na mpeleka habari ni yule yule wa kwake. Profesa kapiga makofi. Nami nimepiga, kwa chuki.

Ijumaa, 7 Machi
Ugunduzi ni wangu! Bila mkono wangu angeona nini? Nimeingia ofisini kwa Profesa kifua mbele, nikaeleza yote: siku, saa, chupa, kiasi cha maji. Nikadai jina langu litangulie kwenye makala. Profesa kavua miwani. Bi Kalamu alikuwa kaketi hapo hapo na karatasi mkononi.
"Kaka," akasema, "nilishakuandika wa pili. Nilikuja kumwomba akuongezee mkataba."
Sikujua pa kutazama. Nimeona aibu, na aibu imenitia hasira zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekabidhi funguo na koti jeupe. Nafasi kachukua yeye, na kwenye makala simo kabisa. Mke wangu kauliza kama walau nimejifunza kitu. Nimejifunza! Nimelipitia jambo zima hatua kwa hatua, na kosa nimeliona: nilitia maji kidogo mno. Alhamisi nina usaili kwenye maabara nyingine ya macho. Huko nitaanza na nusu chupa.