Korongo la Simbo Litasimama Miaka Arobaini

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Mvua tangu asubuhi. Nimekaa dirishani ofisini nikilitazama ziwa likipotelea kwenye ukungu, chai ikapoa mara mbili. Halafu nikapewa kazi! Korongo la Simbo limebakiza hatua tisa kufika nyumba ya Mama Honorata, mjane, mkulima wa mihogo. Swali: ahame au abaki? Adolf, bwana shamba, anasema ahame leo, ukingo upandwe mabingobingo. Majani! Mimi nina kompyuta. Nitaingiza chembe za udongo laki mbili, nizimwagie maji ya hesabu, nione kama zitashikana. Adolf atakoma.

Jumatano, 13 Novemba
Simbo, kuchukua udongo. Korongoni kunateleza, na viatu vyangu vipya. Bahati njema, kando ya njia kuna lundo la udongo mwekundu, laini. Nikajaza mfuko. Mwenyewe, Mzee Telesphory, akaniambia huo ni wa kufyatulia matofali, ameukanyaga siku nne mpaka umeiva. Nikamjibu kwa heshima kwamba udongo ni udongo. Akasema haya, wewe ndiye msomi. Watu wa Simbo wana adabu kweli!

Mama Honorata aliuliza kama nyumba itasimama, maana ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu. Nikamwambia asubiri kompyuta. Akanipa mhogo wa kuchoma. Roho iliniuma kidogo. Nikala.

Ijumaa, 15 Novemba
Zinashikana! Maji yanapita juu ya chembe taratibu, rangi ya samawati, na hakuna hata moja inayobanduka. Nimetazama saa tatu nzima. Nilijiona nimelala chini ya maji hayo, nimeshikwa pande zote, sidaiwi ripoti na mtu. Utamu ulioje!

Jibu: miaka arobaini. Nikampigia Mama Honorata simu, abaki. Adolf akauliza udongo niliuchota wapi hasa. Wivu huo.

Jumapili, 17 Novemba
Mvua ya mchana, saa moja tu. Jiko na ukuta wa nyuma vimekwenda na korongo. Mungu wangu! Nilikimbilia Simbo nikijua nimeua mtu.

Yu hai! Ijumaa, baada tu ya simu yangu, alihamia kwa dada yake na vitanda, kuku, hata mlango akaung'oa. Mzee Telesphory alishamwambia udongo wangu ulitoka wapi. Nililia mbele ya watu wote. Mama Honorata akanibembeleza, eti pole mwanangu, utazoea. Adolf akanipa leso yake. Hilo simsamehe.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimetafakari. Kompyuta haina kosa. Nimelipitia lile lundo la Mzee Telesphory: mvua yote ile, na halijabanduka hata punje! Nilisema nini mimi? Tatizo ni korongo, halikuwa na udongo unaofaa. Nimeandika hivyo kwenye ripoti.

Mama Honorata anatafuta pa kujenga upya. Nikamwonyesha mahali pazuri ajabu, mteremkoni, upepo wa ziwa unafika, mtu anaweza kukaa hapo akaota mchana kutwa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia asilimia mia, kompyuta itathibitisha Alhamisi. Alinishukuru sana, akajitwika jembe, akaenda kuanza msingi upande wa pili kabisa wa kilima. Sijui kwa nini hakusubiri majibu.