Mtihani wa Upande Wetu wa Uzio

Jumanne, 9 Septemba
Nimeudhika. Vince Marchetti, jirani aliyehamia hapa Iowa kutoka New Jersey na mpaka leo anajiona mgeni wa heshima, ameegemea uzio wangu na kutangaza kwamba mwanawe Nico ataingia chuo kwa SAT, mmoja wa mitihani miwili ambayo vyuo vya Marekani hupokea. Kisha akaniuliza, eti nyie bado mnafanya ule mtihani wa wakulima? Wa wakulima ni ule mwingine, ACT. Mtihani huo ulizaliwa Iowa hii hii. Baba yangu hakuufanya, lakini aliuheshimu. Binti yangu Annika ataufanya, apende asipende. Mwenyewe bado hajaamua. Hilo dogo.

Jumapili, 14 Septemba
Annika anasema atajaribu mitihani yote miwili ya mazoezi, halafu ndipo achague. Kupoteza wakati tu. Ubongo ameutoa kwangu, kwa hiyo nimejifungia gerejini nikaifanya mimi. SAT, si haba. ACT, kwenye sayansi kulikuwa na grafu ya minyoo na joto, na muda ukaisha nikiwa bado nawahurumia minyoo. Mke wangu Trudy alichungulia akauliza kulikoni mbona nasema peke yangu. Majibu nimeyateketeza kwenye jiko la kuchomea nyama. Kisha nikaingia kwenye akaunti ya Annika mtandaoni nikamwandikisha ACT, kimyakimya. Nenosiri lake ni jina la paka. Atanishukuru.

Jumatatu, 15 Septemba
Hajanishukuru. Tarehe niliyompangia ndiyo siku ya mbio za nyika za wilaya, na nahodha ni yeye. Aliniambia kwa sauti ya chini, ile nisiyoipenda: Baba, huu ndio mwaka wangu wa mwisho kukimbia na wenzangu, nawe umeigawa siku yenyewe bila hata kuniuliza. Nikamweleza habari za Vince. Akasema basi mpeleke Vince akafanye huo mtihani. Trudy alicheka mpaka akaweka sahani chini. Sina mtu katika nyumba hii.

Jumamosi, 18 Oktoba
Annika amekimbia. Wa tatu, matope mpaka masikioni. ACT imefanyika bila yeye. Kumbe alishajipima na kuchagua SAT, ataifanya Novemba. Nilikuwa nalimeza hilo kando ya njia nilipomwona Vince na soseji yake, kaja kumshangilia Annika. Nikamuuliza Nico yuko wapi. Akajikuna shingo. Yuko kwenye mtihani. ACT. Alijaribu yote miwili, huo ndio uliomkubali. Vince alikuwa mnyonge kabisa, akasema watoto wa siku hizi hawashikiki, jirani yangu. Ningeweza kumpa pole. Nikamwambia SAT ni ya watu wanaofikiri, na kwamba familia yetu imekuwa ikisema hivyo miaka yote.

Jumapili, 19 Oktoba
Annika ameniomba kistaarabu: insha ya maombi ya chuo, ile ya kujieleza yeye ni nani, ni yake peke yake, nisiiguse. Ana haki. Nimemheshimu. Nimemwandikia aya ya kwanza tu, ya kumfungulia njia. Inamhusu baba yake.