Malalamiko Juu ya Ajida wa Nyasi Aliyefutwa Mnadani

Kasenga, Alhamisi asubuhi

Kwa Bwana Msimamizi wa mnada wa mtandaoni Ziwa-Mnada,
chumba cha juu, Kimanga, Uvira

Kuhusu: bunduki ambayo si bunduki, na akaunti iliyofungwa kana kwamba ni bunduki

Mheshimiwa Msimamizi,

Kwa moyo mzito naiarifu ofisi yako, na kupitia kwako wakazi wote wa mji huu, kwamba siku ya Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, Ajida alifutwa mnadani. Hakuacha mjane wala yatima. Ameacha koti moja, buti mbili za mpira zote za mguu wa kushoto, na mimi.

Mimi ni Norbert Nizigama, seremala wa hapa Kasenga. Ndimi niliyetengeneza meza ya mapokezi ya ofisi yako, ile inayoinamia dirishani. Najua. Nitapita. Mzee wako nami tulikalia dawati moja shule ya msingi, naye alikuwa akinakili majibu yangu, na hiyo ndiyo sababu ya alama zake. Nayataja haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mhalifu wa silaha, ni fundi wa vitanda.

Na Ajida, jina tulilompa kwa cheo cha askari, ni sanamu ya kufukuza ndege shambani. Mwili wake ni nyasi za mpunga, kichwa ni kibuyu, koti nililitoa kwenye nguo za mitumba, likiwa la kijani na vifungo vinne vya shaba. Mikononi ana bunduki ya mti wa mkaratusi niliyoichonga mwenyewe. Nilimtengeneza msimu uliopita kwa ajili ya dada yangu Kankindi, anayelima mpunga kule Nyakabere na ambaye ndege walikuwa wakimla akiwa amesimama anatazama. Mavuno yalipokwisha, dada alimrudisha kwangu kwa sababu za kifamilia. Ndipo nikamweka kwenye mnada wako kwa maneno haya: "Sanamu ya kufukuza ndege, na bunduki yake ya mti. Imetumika msimu mmoja. Matokeo yamehakikishwa."

Sasa malalamiko. Nimeyawekea namba ili mashine yako, ambayo naambiwa husoma kabla yako, isichanganyikiwe.

1. Tangazo langu liliishi dakika nne. Chai yangu ilikuwa bado haijapoa. Ujumbe ukaja: "Mpendwa muuzaji, silaha, sehemu za silaha na vitu vinavyofanana na silaha haviruhusiwi." Bwana Msimamizi, sheria hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Katika upande huu wa ziwa hakuna mtu anayelalamika kwamba bunduki ni chache. Lakini hii ya kwangu mtutu wake haukutobolewa, kwa sababu sikuwa na keekee ya urefu ule. Mchwa walijaribu kuutoboa, wakafika nusu, wakaghairi. Kifyatulio ni msumari wa inchi tatu. Hata mtu mwenye jicho moja, tena akiwa anakimbia, angeona kwamba ule ni mti. Naomba ulikumbuke neno hili la mti, maana hoja yangu yote imelalia hapo.

2. Kwa kuwa mimi ni mtu mtii, nilimnyang'anya Ajida bunduki nikampiga picha mikono mitupu. Akafutwa: mashine ilisema mikono yake "imekaa kama iliyoshika silaha." Nikampa jembe. Akafutwa. Nikampa ufagio. Akafutwa. Nikampa mwavuli wa mke wangu, ule wa maua mekundu, akafutwa, nami nikapewa onyo la kwanza. Nikampa mwiko wa ugali, nikapewa la pili. Kwa siku mbili nzima nilikuwa uani nikimvisha na kumvua vitu mtu wa nyasi, mpaka jirani yangu Mama Generose akaniita juu ya ua kwa jina la mwanangu: "Papa Providence, ule mugeni wenu ataikala siku ngapi? Ninamupa jambo, hajibu hata!" Nilimwambia ni mgonjwa wa koo. Alasiri akaleta uji.

3. Nikaamua kuuza bunduki peke yake, kwa uaminifu, chini ya jina "Mti uliochongwa, wa matumizi mbalimbali." Hapo mashine ililala usingizi mzuri. Lakini mteja mmoja akaniuliza mbele ya watu wote: "Iko na risasi?" Nami nikajibu: "Hapana, iko na muchwa." Mashine ikaamka. Neno risasi halikutoka kinywani mwangu, ila akaunti iliyofungwa ni yangu, na yule bwana bado anazunguka huko mnadani anawauliza wengine maswali.

4. Wakati mimi nafungwa, ukurasa wako ulikuwa unauza, nimeyaona kwa macho yangu: bastola ya gundi, bastola ya kupulizia rangi, manukato ndani ya chupa yenye umbo la risasi, na jogoo wa Kimanga aitwaye Kalashi. Huyu Kalashi aligombaniwa na watu kumi na moja. Nilimwona juzi. Ana kelele, anashambulia wapita njia, na hana leseni. Ajida wangu hajawahi kumdonoa mtu.

5. Hili ndilo linaloniuma, na ningeliweka la kwanza kama ningekuwa na ujasiri. Akaunti ile si yangu peke yangu. Tangu mwaka jana mke wangu Georgette anauzia hapo mashuka anayodarizi kwa mkono, ndege wawili kila pembe na majani ya mgomba katikati. Tuliiandikisha kwa jina langu kwa sababu simu ni yangu. Hivi sasa kuna jozi sita za mashuka ya harusi mnadani, kazi ya miezi mitano. Mama Anne-Marie, anayemwoza binti yake, amezitaka zote sita, na mnada wake unafungwa Jumamosi saa sita mchana. Ni mara ya kwanza mtu kutaka kazi yote ya Georgette kwa mkupuo. Leo anayefungua ukurasa ule haoni mashuka. Anaona maandishi mekundu: "Muuzaji huyu anachunguzwa kwa suala la silaha."

Mama Anne-Marie ameyaona. Jana kwenye misa ya jioni alihama benchi.

Georgette hakunipigia kelele, na bora angepiga. Alikunja uzi wake, akaweka sindano kwenye kopo, akaniuliza hivi: "Weye na ule askari yako. Minye mashuka yangu ilishika bunduki gani?" Tangu hapo ananiita Bwana Nizigama. Tumeoana miaka ishirini na sita, sikujua kwamba jina langu linaweza kusikika hivyo.

6. Ikiwa ofisi yako bado inaamini kwamba kitu kikifanana na bunduki ni bunduki, basi nakuomba uitekeleze sheria hiyo mpaka mwisho, nami nitakusaidia. Anza na mimi: kidole changu cha shahada kilichokatwa mshipa na msumeno hakikunjiki, kinaelekea mbele muda wote, watoto hunikimbia kwa mzaha. Futa picha yangu. Kisha futa mafagio yote, mabomba ya maji, miwa, na migomba inayochelewa kukunjua majani. Futa makasia ya wavuvi, maana yakiwa begani ukiyatazama kwa mbali utainua mikono juu. Halafu njoo kwenye mikaratusi yenyewe. Nimepima kwa futi: mkaratusi mmoja wa miaka sita una ndani yake bunduki kumi na nne, ukiwa mchongaji asiyeharibu. Panda paa la ofisi yako utazame mlimani. Ile yote ni ghala, Bwana Msimamizi. Tumelala chini yake miaka yote hii bila kuchunguzwa.

7. Na kama hayo yote hayawezekani, basi umwajiri Ajida. Mweke mlangoni pako badala ya mashine. Hali chakula, halali, hapokei chochote mkononi, na kwa kumfukuza asiyetakiwa hana mwenzake.

Basi naomba mambo matatu yaliyo madogo: akaunti ifunguliwe kabla ya Jumamosi saa sita, maandishi mekundu yafutwe, na Mama Anne-Marie aandikiwe barua yenye muhuri kwamba mashuka hayana hatia.

Nisalimie mzee wako, mwambie jibu la swali la tisa lilikuwa kilo arobaini, alinakili vibaya. Msalimie mama, na dada yule wa mapokezi anayeshika kalamu zisibiringike kutoka kwenye meza yangu, na mafundi wa mashine, na mashine yenyewe ikiwa inapokea salamu. Jogoo Kalashi namsalimia kwa mbali.

Wako katika utii, mwenye akaunti iliyofungwa,

Norbert Nizigama
Seremala, Kasenga

N.B. Lionel, mwanangu, maana sasa simwandikii Msimamizi bali mtoto wa mzee wako. Barua nilikuwa nimeshaifunga. Georgette aliiomba, akaisoma yote, akacheka mara mbili, kwenye uji na kwenye kalamu, kisha akanirudishia akasema, "Sasa andika ile ya kweli." Basi hii hapa.

Nilipoandika "matokeo yamehakikishwa" nilidanganya. Ndege hawakumwogopa Ajida hata siku moja. Siku ya pili walikuwa wamepanga mstari juu ya bunduki. Wiki ya pili walikuwa na kiota ndani ya mkono wa koti, na walipokuwa wakihitaji nyasi za kujengea walizichomoa kwake mwenyewe.

Waliomwogopa ni watu. Shamba la Kankindi liko kando ya njia, nasi huku, nawe unajua, tukiona koti la kijani na bunduki njiani hatuulizi ni nani wala kwa nini. Asubuhi ya kwanza mtu wa baiskeli alishuka hatua ishirini kabla ya kufika, akavua kofia, akatoa karte yake ya mchaguzi, kitambulisho chetu huku, akaishika juu, akasema, "Shefu, ninapita tu, niko mwana wa hapa hapa." Ajida hakumjibu. Yule bwana akaona hajibiwi, akadhani hajatosheleza, akaweka kichane cha ndizi chini ya buti akaondoka akikokota baiskeli.

Mimi na dada yangu tulikuwa nyuma ya kibanda. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukala ndizi.

Kesho yake vilikuja viazi vitamu. Halafu miwa. Halafu kuku, mzima, amefungwa miguu. Nami, mwanangu, nikaanza kwenda Nyakabere kila Jumamosi "kumrekebisha Ajida," na kurudi na mfuko. Na ili asizoeleke, niliichukua ile bunduki nikaipiga msasa, nikaipaka rangi nyeusi ya viatu mara tatu, nikaifunga mkanda, ikang'aa kiasi kwamba siku moja nilipoiona kwa ghafla nilisimama mimi mwenyewe. Kwa hiyo lile la mtu mwenye jicho moja uliondoe. Niliifanya kwa makusudi ili hata mwenye mawili asione mti. Mashine yako iliona kile nilichotaka kionekane.

Kilichokomesha ni Mama Akimana, jirani wa dada, mama mzee anayebeba unga wake kichwani kutoka kinuni. Hakuwa na kitu cha kumpa Ajida. Kwa hiyo hakupita njiani. Wiki tatu nzima alikuwa akizunguka kupitia mfereji, maji yakiwa magotini, mpaka siku alipoteleza na unga wote ukaenda na maji. Akaja kwa Kankindi akiwa amelowa, tukadhani anaomba nguo. Kumbe alikuja kuomba radhi. Alimwomba dada yangu amwambie yule askari asikasirike kwamba alikuwa anamkwepa.

Kankindi hakucheka tena. Alinitazama akasema, "Norbert, kamata ule muntu wako. Sitaki tena kumuona mu shamba yangu." Hizo ndizo sababu za kifamilia.

Ningeweza kumvunja siku ileile. Lakini nilimwona amependeza, nikawaza kwamba mahali fulani kuna mwenye shamba kando ya njia atakayempenda pia. Ndiyo nikamleta kwako.

Akaunti yangu iache imefungwa. Nakuomba umfungulie Georgette yake, kwa jina lake, mashuka yake yahamie huko kabla ya Jumamosi saa sita. Simu nimempa. Bunduki nimeipasua jana, ikapika maharagwe, yakachelewa kuiva. Leo asubuhi na mapema nilipeleka unga kwa Mama Akimana. Manyunyu yalikuwa yameanza na koti la Ajida lilikuwa limetundikwa mlangoni, nikalivaa bila kuwaza.

Nilikutana naye njiani. Aliponiona kwa mbali alitua mzigo wake, akaanza kutafuta karte ndani ya kitenge.

Nililivua koti palepale, nikasimama kwenye mvua na unga kichwani, nikiita, "Mama, ni minye! Ni Norbert wa Kankindi!" Hata hivyo alinionyesha karte yake, na hakuirudisha mpaka nilipoisoma.