Fuwele ya Siki na Ufunguo wa Maabara

Jumatatu, 14 Julai 2025, Newala
Mkuu wa shule ametangaza: mwalimu atakayekuza fuwele bora ataenda kwenye maonyesho Mtwara, na atakabidhiwa ufunguo wa maabara. Hatimaye! Tangu nihamie hapa kutoka Chidya nauomba ufunguo huo. Mpinzani ni mmoja tu, Mwalimu Winfrida, Mama Gasper.

Nimechemsha siki na magadi soda, nikapata sodiamu asetati. Punje yake nimeining'iniza kwa uzi ndani ya maji yaliyoshiba chumvi hiyohiyo. Humo sodiamu na asetati hujipanga safu kwa safu, na maji hukaa katikati yao kama wageni waliopewa viti. Kazi nzuri mno. Winfrida hatafua dafu.

Jumatano, 16 Julai
Safu hizo zinataka subira. Sina. Nimefunua chupa na kuiweka dirishani ili upepo uharakishe. Mzee Petro, jirani wa shule, akaanza kupuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho yake. Vumbi lote kwangu! Kila chembe ya vumbi imejivutia fuwele yake. Sasa nina uji wenye mabonge.

Nilimwamkia Mzee, shikamoo, kisha nikalalamika. Akaitikia marahaba na kusema mikorosho yake haina habari na uzi wangu.

Winfrida kanipa pole. Yeye kaichemsha chumvi yake, kaifunika, imepoa bila kuganda. Ni angavu kama maji ya kunywa. Anasema keshokutwa ataidondoshea punje moja mbele ya Mkuu, igande yote. Nimechukia!

Ijumaa, 18 Julai
Mpango: niidondoshe punje mimi, mapema, Mkuu akute imeshaganda. Winfrida alipotoka kumpokea, nikafunua chupa. Punje moja tu. Lo! Sindano nyeupe zikatawanyika pande zote, chupa ikawa ya moto mkononi, nikapiga ukelele. Mkuu akaingia wakati huohuo, akaona kila kitu, akapiga makofi.

Winfrida, aliyekuwa nyuma yake, aliipokea chupa. Kisha akamwambia Mkuu kwamba mimi ni msaidizi wake. Nimepongezwa kwa kusaidia. Ufunguo kapewa yeye. Nimeumia sana.

Jumatatu, 21 Julai
Winfrida ameondoka asubuhi kwenda Mtwara. Mbele ya ofisi kanipa ufunguo niutunze mpaka arudi, akasema ananiamini. Kirahisi hivyo? Mtu hatoi kitu kirahisi hivyo. Nikapanda gari la kwanza kwenda Masasi kuchongesha ufunguo wa pili.

Mkuu kapiga simu nikiwa kwa fundi. Kidato cha Pili wamesimama nje ya maabara, mlango umefungwa, ufunguo uko wapi? Nikamjibu kwa heshima zote kwamba Winfrida kaondoka nao.

Akakata simu. Baadaye nimekumbuka kwamba wakati nakabidhiwa, Mkuu alikuwa amesimama kando yetu.

Haidhuru. Wa pili umechongwa vizuri sana.