Mhasibu Asiyeliamini Jina Langu

Kumasi, Jumatatu

Kwako Nana Boakye-Danso, Mkuu wa Ukoo,

Baada ya salamu na heshima zote, natumaini magoti yamepungua maumivu. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unachemka. Nakuandikia kuhusu mpwa wako Serwaa, uliyemwombea kazi ya uhasibu katika duka langu la vitambaa. Nana, njoo umchukue. Nimeshindwa.

1. Nikimwandikia barua pepe amlipe mtu, halipi. Kwanza ananipigia simu! Mimi, Yaw Antwi-Barima, ambaye jina langu liko kwenye mageti matatu! Alhamisi nilikuwa kwa kinyozi, povu hadi puani, akaniuliza, "Bosi, ni wewe kweli?" Sasa awe nani?

2. Nilipomkaripia, akaniletea Nkansah, fundi wa mtandao. Huyo naye akaniambia eti jina lililo juu ya barua pepe anaweza kuliandika yeyote, kama nyuma ya bahasha. Eti barua hukatwa vipande, kila kipande kikabandikwa namba ya mashine kilikotoka na namba ya kinakokwenda, vikapita njia mbalimbali, vikaungwa tena vikifika. Sawa, nimesikia. Ila inakuwaje namba ziaminiwe, mimi nisiaminiwe?

3. Wiki iliyopita amekataa maagizo yangu matatu. Matatu, Nana! Moja ni la cedi elfu themanini, za mwenye kiwanda wa Tema anayeniuzia vitambaa, ziingie kwenye akaunti yake mpya. Ninayoagiza ni mengi, siyakumbuki yote, lakini Serwaa mwenyewe anakiri niliandika ni haraka, nisipigiwe simu, niko mkutanini. Bosi akisema asipigiwe, anapigiwa? Ndiyo malezi hayo?

4. Leo nimesimama mbele ya meza yake, mimi mzima mzima, nikamwagiza alipe umeme. Akasema, "Subiri bosi, nipige simu kwanza." Simu ikalia mfukoni mwangu. Nikapokea! Wateja wamecheka hadi wamekaa chini.

Kwa hiyo naomba aondoke kabla ya Ijumaa, uniletee mpwa mwingine asiye na maswali.

Nisalimie Mama Mkubwa, watoto, majirani, na wote tuliokuwa nao kwenye msiba Mampong.

Wako mtiifu,
Yaw Antwi-Barima, Mkurugenzi

N.B. Nimemwambia Serwaa anionyeshe lile agizo la elfu themanini, nimwombe radhi mwenye kiwanda. Liliandikwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Nana, saa hiyo si nilikuwa nawe msibani, nimejifunga nguo nyeusi, nacheza ngoma ya msiba? Nimempigia mwenye kiwanda. Hana akaunti mpya. Jamani, nusura niibiwe! Serwaa anatafuna karanga tu. "Bosi," ananiambia, "nani Kumasi hii ana mkutano Jumamosi, siku ya misiba?"

Haendi popote huyu. Barua hii ningeichana, ila nimeshaandika salamu zote hizo. Ikikufikia, usifanye lolote kabla hujanipigia simu kuuliza kama ni mimi niliyeiandika. Nitakwambia si mimi. Niamini.