Godoro Lililohesabiwa Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Benki haitaki tena mkaguzi mmoja. Inataka wawili, wa kampuni mbili, hati moja ya ukaguzi! Miaka yote Mzee Sawasawa alitutosha: akinywa chai, akisema "sawasawa", akitia saini. Sasa anakuja na mwanamke. Kila mmoja atapitia kazi ya mwenzake. Shemeji, mwenye kiwanda, kaniita. Kasema vitabu vyangu vya hesabu vinaonyesha maghala mawili yamejaa magodoro, basi nijue la kufanya. Mkopo wa benki ukikosekana anauza nyumba ya kampuni. Nyumba yangu! Mke wangu, dada yake, alifia mle. Pazia la jikoni alilifunga yeye. Sijalifungua.

Jumanne, 4 Machi
Fahali wawili hawakai zizi moja. Nimemnong'oneza Mzee kwamba mama yule anamwita saini ya kukodi. Nikamnong'oneza mama kwamba Mzee hamwamini mwanamke ghalani. Saa nne nikawakuta wanakunywa chupa moja ya chai, wanacheka. Kumbe mama alikuwa mwanafunzi wa Mzee! Mama akaniuliza kama umbeya nao umo kwenye mshahara wangu. Anaitwa Bi Nionyeshe. Ukisema kitu kipo, anasema nionyeshe.

Jumatano, 5 Machi
Hila safi! Magodoro ni ya ghala moja tu. Asubuhi Mzee kahesabu ghala la mbele. Wakaenda kula. Wapagazi wakayahamishia la nyuma. Mchana Bi Nionyeshe akahesabu yale yale. Tangu alfajiri lilipungua moja, nikaleta langu la nyumbani. Lina kiraka alichoshona marehemu kwa uzi mwekundu, upande wake. Alishona huku akinicheka, eti nalala kama kuku anayeatamia. Nimemwomba kila mkaguzi asilibonyeze pale. Wote wamekubali, wakaandika. Watu wa adabu!

Ijumaa, 7 Machi
Wamebadilishana karatasi. Bi Nionyeshe kasoma kwa sauti: moja lina kiraka cha uzi mwekundu, mhasibu anaomba lisibonyezwe. Mzee kavua miwani. Kasema hata yeye analo hilo, ghala la mbele. Mama kauliza kama magodoro ya hapa huzaa pacha. Mzee hakusema sawasawa. Mara ya kwanza! Shemeji kaja juu, kataka kuliona hilo godoro. Kaukuta mshono. Kaupapasa kwa kidole. Kasema hivi ndivyo dada alivyomshonea kaptura za shule.

Jumatatu, 10 Machi
Hati imetoka. Yenye shaka, saini mbili. Benki imekataa. Shemeji anauza gari lake, nyumba kaiacha. Kasema akiiuza, dada atamtokea ndotoni. Mimi kanitoa kwenye vitabu, kanifanya mtunza ghala. Funguo za maghala yote mawili ziko mfukoni mwangu!
Godoro limerudi nyumbani. Nimelala upande wangu, nimetafakari sana. Kuhesabiwa mara mbili hakukuwa kosa. Kosa ni uzi kuonekana. Mwakani nitalitandika shuka.